Mzaliwa wa Njaa ya Ngozi

Jumatatu, tarehe tatu Machi 1975, saa mbili na nusu asubuhi, karani Simeo alimaliza chai yake, akafuta meza kwa kiganja, akamwita mtu wa kwanza kwenye foleni. Kituo cha Muda cha Vyeti kilikuwa ndani ya ghala la zamani la mkonge pale Korogwe, na hata baada ya kufagiliwa mara tatu vumbi la singa, nyuzi za mkonge, lilikuwa bado linawasha pua. Mtu wa kwanza alikuwa Zamda, mkulima wa kata ya Mazingara, Handeni, mwenye miaka thelathini na minane. Nyuma yake alisimama mwanawe Mdoe, winga wa kushoto, aliyechaguliwa kuchezea timu ya taifa ya vijana chini ya miaka ishirini.

Mdoe alihitaji cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti, na pasipoti ili aende Lusaka kwenye Kombe la Vijana la nchi sita. Taifa lenyewe lilikuwa na miaka kumi na tatu tu tangu Uhuru, dogo kuliko mchezaji wake yeyote. Kama ni suala la umri, lenyewe lingeweza kupewa jezi.

"Kijana kazaliwa lini?" Simeo aliuliza.

"Njaa ya ngozi," Zamda alisema.

Uziguani njaa zina majina kama watoto. Njaa ya ngozi ni ile ambayo watu walibandua ngozi za viti na za ngoma, wakazichemsha na kunywa mchuzi wake. Ilitokea mara mbili: mara ya kwanza mwaka 1918, mwisho wa vita vya Mjerumani, na mara ya pili mwaka 1957. Hakuna aliyejisumbua kuziita ya kwanza na ya pili, kwa sababu ukimtazama usoni anayezungumza unajua anaisema ipi. Simeo hakumtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mshambaa wa milimani, na watu wenye migomba nyuma ya nyumba hawana haja ya kuipa njaa jina. Alifungua kitabu cheusi kilichoachwa na Waingereza, kilichopigwa chapa mwaka 1949, akashusha kidole kwenye herufi N. Njaa ya ngozi, kitabu kilisema, ni 1918. Akaandika 1918, akapuliza wino, akagonga muhuri.

Zamda hakujua kusoma. Mdoe alijua, lakini gari la timu lilikuwa linapiga honi nje, naye alikuwa na miaka kumi na minane. Aliingiza cheti kwenye bahasha bila kukitazama, akakimbia.

Inafaa ielezwe, kwa wasioishi pande hizo, kwamba jambo likishaandikwa na kupigwa muhuri huwa kweli kuanzia asubuhi inayofuata. Fundi cherehani mmoja wa Kabuku aliandikwa marehemu kwa kuteleza kwa kalamu, akazikwa siku ya Ijumaa, na mwenyewe alisaidia kubeba jeneza kwa sababu watu walikuwa pungufu. Bahati mbaya taarifa za maendeleo, zile zenye visima, zahanati na matrekta, hazipigwi muhuri. Zinawekwa sahihi tu.

Kambi ya timu ilikuwa hapo hapo Korogwe, kwenye uwanja wa shamba la mkonge. Miaka ilianza kumjia Mdoe kesho yake, mmoja kila alfajiri, kama mgao wa sukari, ila huu haukukosa hata siku moja. Kati ya umri wake na umri wa karatasi kulikuwa na miaka thelathini na tisa, kwa hiyo kulikuwa na siku thelathini na tisa. Siku ya tatu aliota ndevu. Siku hiyo hiyo kocha, Mwalimu Habakuki, alikusanya karatasi za wachezaji, akasoma ile ya Mdoe, akakaa chini kwenye mpira.

"Kosa la karani," alisema. "Linarekebishika?"

Alikwenda mwenyewe kwa Simeo. Simeo alimjibu kwa heshima kwamba marekebisho huombwa na mzazi. Mwalimu akatuma ujumbe Mazingara kwa dereva wa lori, na wakati anasubiri aliamua kutumia alichonacho. Siku ya nane Mdoe alikuwa na miaka ishirini na sita. Walicheza na timu ya wafanyakazi wa mkonge, akawapiga chenga mabeki mpaka wakaacha kumfuata, akafunga matatu kwa mguu ule ule wa kushoto.

"Laiti muhuri ungekaukia hapa," Mwalimu alisema.

Haukukaukia. Siku ya kumi na tano goti lilianza kumuuma, Mwalimu akamtoa winga akampanga kiungo. Wiki moja baadaye alikuwa beki wa kati mwenye mvi za pembeni, akiwapigia wenzake kelele wapange ukuta. Siku ya thelathini alikuwa kipa. Kila miaka ilipoongezeka alirudi nyuma hatua kadhaa, na kipa akishatoka langoni hakuna tena pa kurudi isipokuwa nje ya uwanja. Vijana wenzake walizoea. Walianza kumpisha apite kwanza mlangoni, na mmoja wao, Ernesti, alimwamkia asubuhi bila kukusudia.

Ujumbe ulimfikia Zamda siku ya kumi na moja. Alikuwa anaishi kijiji kipya kiitwacho Juhudi, ambako alihamishiwa mwaka uliopita pamoja na baadhi ya watu wa Kwedizumba. Kwedizumba kilikuwa kitongoji cha nyumba ishirini na mbili. Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya ilipofika, nyumba zilichomwa ili watu wasishawishike kurudi, na kila mtu aliruhusiwa kubeba anachoweza. Zamda alitoa chungu kimoja na mpira wa matambara ambao Mdoe aliuchezea akiwa na miaka sita. Mumewe alikwishafariki na mtoto alikuwa huyo mmoja. Mpira aliuning'iniza kwenye paa la nyumba mpya, juu ya kitanda.

Ili kutoka Juhudi ulihitaji kibali cha mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu kuondoa urasimu. Siku ya kumi na tano Zamda alisimama tena mbele ya meza ya Simeo.

"Shikamoo mama," Simeo alisema.

"Marahaba. Baba, umeniandikia njaa siyo. Mwanangu ni wa njaa hii ya juzi."

Simeo alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Akatoa fomu nyingine. Marekebisho, alieleza, yanahitaji barua ya kijiji alichozaliwa mhusika, yenye muhuri wa kijiji hicho, na shahidi mmoja aliyekuwepo siku ya kuzaliwa.

"Kwedizumba haina muhuri. Haipo."

"Basi mwenyekiti wa unapoishi sasa."

"Nilimuuliza. Anasema kijiji chake kina mwaka mmoja. Waliozaliwa humo ni saba, na wote bado wananyonya. Hawezi kumwandikia mwingine."

"Amesema kweli," Simeo alikubali. "Mlete shahidi, mama. Tukimpata shahidi, la barua nitajua nitakavyolisukuma."

Shahidi alikuwepo. Bibi Hamisa, mkunga wa Kwedizumba, ndiye aliyemzalisha Zamda na kumkata Mdoe kitovu kwa wembe mpya aliokuwa ameutunza miezi miwili. Lakini siku ya kuhama watu wa Kwedizumba waligawanywa kama mbegu: wengine Juhudi, wengine kando ya barabara Kabuku, na Bibi Hamisa inasemekana alimfuata binti yake. Binti yake alikuwa wapi, kila mtu alikuwa na jibu lake. Zamda alikwenda Kabuku akaambiwa Segera. Segera wakamwambia yuko Mnyuzi, karibu na reli. Alitembea juani mchana, jioni akaomba hifadhi kwa watu asiowajua, na kila asubuhi alihesabu kwa vidole: leo ana thelathini na tisa, leo amefika arobaini. Siku aliyohesabu arobaini na moja alimkuta Bibi Hamisa Mnyuzi, amekaa mlangoni akipepeta mahindi.

"Mdoe?" Bibi Hamisa alisema. "Yule aliyetanguliza mguu wa kushoto? Nitamsahauje! Subiri nichukue kanga."

Walipita kwanza kambini. Timu ilikuwa mazoezini, na Zamda alimtambua mwanawe kwa mwendo, kwa maana sura ilikuwa imeshakwenda mbali. Mdoe alikuwa na miaka arobaini na miwili, minne zaidi ya mama yake. Alikuja mbio za kuchechemea, akasimama mbele yake akiwa amejaa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Zamda alisema, akalia waziwazi mbele ya wachezaji wote. Vijana wakageuka kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Usichoke, mama," Mdoe alisema. "Bado siku kumi na tano."

Ofisini Bibi Hamisa alizungumza vizuri kuliko mwanasheria. Alitaja siku, ilikuwa Jumatano. Alitaja mvua, haikuwepo. Alitaja ngozi iliyochemshwa siku hiyo, ilikuwa ya kiti cha mume wake, na mchuzi wake ulinuka. Simeo aliandika yote. Mwishoni akauliza, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi hiyo, "Na wewe bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mimi ni wa njaa ya ngozi," Bibi Hamisa alisema kwa fahari. "Ile yenyewe, ya vita."

Simeo aliweka kalamu chini. Alionekana ameumia kweli.

"Basi ndugu zangu, tumekwama. Karatasi inasema mhusika kazaliwa 1918. Shahidi naye kazaliwa 1918. Mtu hawezi kumzalisha wa rika lake."

"Lakini hiyo 1918 ndiyo tuliyokuja kuifuta!" Zamda alisema.

"Naelewa, mama. Ila mpaka ifutwe, ndiyo iliyopo. Mimi sikatai. Karatasi ndiyo inayokataa." Aliigeuza fomu ili waione, ingawa wote wawili hawakujua kusoma, kisha akashusha sauti. "Na kuna jingine, ninakwambia kwa wema. Nikiipeleka fomu hii mkoani watatazama jina la mama. Kadi yako ya chama inasema wewe ni wa 1937. Hukuwa umezaliwa. Itabidi wakufute, na watagonga muhuri."

Zamda alijua muhuri ni kitu gani. Nje mtu alikuwa anapakia singa kwenye lori na kuhesabu marobota kwa sauti. Kama fomu ingekwenda, angeweza kumpoteza mwanawe kabisa. Kama isingekwenda, angebaki na mwana aliyemzidi umri, lakini mwanawe. Hakuna mzazi anayepaswa kupewa chaguo kama hilo na mtu mwenye adabu nzuri, saa nne asubuhi.

"Iache," alisema.

Simeo akaichana fomu vipande vinne, taratibu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Bibi Hamisa akarudi Mnyuzi kwa treni. Zamda akarudi Juhudi, kwa sababu kibali chake kilikuwa kinaisha.

Timu iliondoka kwenda Lusaka siku ya thelathini na sita. Mwalimu Habakuki alimchukua Mdoe kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa na muhuri. Siku ya thelathini na tisa, Ijumaa, Mdoe aliamka na miaka hamsini na saba kamili, akasikiliza mwili wake, akaona hakuna tena kinachoongezeka. Mashindano yalianza kesho yake.

Wakaguzi waliwapanga wachezaji wa nchi zote kwenye mstari na kusoma pasipoti. Walipofika kwa Mdoe walisoma 1918, wakamtazama, wakaona kila kitu kiko sawasawa, wakamtoa. Kwenye mstari wa timu ya pili kulikuwa na mshambuliaji ambaye karatasi yake ilisema ana miaka kumi na saba. Inasemekana alikuwa baba wa watoto watatu ilipoandikwa. Sasa mashavu yake yalikuwa laini, sauti ilikuwa inavunjika, na alikuwa anamuuliza kocha wake lini watarudi nyumbani. Wakaguzi wakampitisha pia.

Mechi ya kwanza Ernesti alichezeshwa winga ya kushoto. Ernesti alikuwa mtu wa mguu wa kulia, na kila alipopewa mpira alilazimika kusimama aupange upya. Waliobaki wakakimbia bila yeye. Walifungwa manne. Mdoe hakuyaona kutoka kwenye benchi, kwa sababu vijana wa mlangoni walipoona mvi zake walimshika mkono wakampeleka kwenye jukwaa la wageni, wakamkalisha kwenye kiti chenye mto na kumpa soda. Pembeni yake alikaa afisa mmoja wa ubalozi.

"Mzee, nawe uliwahi kucheza mpira ujanani?" afisa aliuliza.

"Nilicheza," Mdoe alisema. "Mpaka mwezi uliopita."

Afisa akacheka sana, akamgonga begani polepole. Mdoe hakucheka. Alikuwa anatazama ile pembe ya kushoto ya uwanja, yenye majani mabichi ambayo hakuna aliyeyakanyaga dakika tisini nzima, na moyo ulimuuma kuliko goti. Mechi mbili zilizofuata walifungwa pia, wakarudi.

Alishuka kwenye basi Kabuku mchana, akatembea mpaka Juhudi akipumzika njiani mara tano. Zamda alikuwa uani anasaga mahindi. Aliinuka kabla hajafika, unga ukamwagika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alimshika uso kwa mikono miwili yenye unga, akamwacha na alama nyeupe juu ya ndevu nyeupe. "Basi. Umefika. Liwalo na liwe, umefika."

Walikula pamoja. Alimweleza yote, naye akamwambia mkunga amemsalimu, na kwamba ngozi iliyochemshwa siku aliyozaliwa ilitoka kwenye kiti cha mume wa mkunga. Walicheka kidogo kwa hilo. Kwa saa chache nyumba ile ilikuwa na mama na mwana, na yeyote aliyepita angesema hivyo kwa kusikiliza tu, asipotazama.

Jioni alipita Balozi Mhina, msimamizi wa nyumba kumi, mtu mwema aliyependa mambo yawe safi. Kila mgeni alitakiwa kuandikwa kwenye daftari la kijiji, na daftari lilipelekwa kwa mwenyekiti kabla ya magharibi kupigwa muhuri.

"Shikamoo mzee," alimwambia Mdoe, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mitano. Kisha akamgeukia Zamda. "Huyu mzee ni nani wako?"

"Mwanangu. Mdoe. Unamjua."

"Namjua," Balozi Mhina alisema, na kweli alimjua. Alikuwa amemshangilia mara nyingi. Alichukua pasipoti, akasoma, akatazama safu za daftari. "Ila kwenye mwana hapa haingii, mama Mdoe. Wa 1918 na wewe wa 1937. Nikiandika mwana daftari litarudishwa, na akiwa hana nafasi atapelekwa kambi ya wazee wasio na ndugu. Sitaki apelekwe." Alifikiri, akitafuta njia ya kusaidia. "Baba yako si alifariki? Nafasi yake iko wazi."

"Usiandike," Zamda alisema.

"Kwa faida yenu, mama."

"Mhina, nakuomba. Usiandike!"

Lakini jua lilikuwa linashuka na nyumba zilibaki tatu. Balozi Mhina aliandika kwa mwandiko mzuri, akawatakia heri, akaenda. Zamda alimfuata mpaka ofisi ya kijiji, akakuta mwenyekiti amekwishagonga na anafunga dirisha. Akarudi, akakaa karibu na Mdoe mpaka usingizi ulipomchukua, amemshika kiganja. Alikuwa anarudia jina lake polepole ili lisiteleze.

Asubuhi alitoka kufagia ua. Mdoe alikuwa ameamka zamani, kama wazee wanavyoamka, amekaa kwenye kigoda juani. Zamda aliuweka ufagio chini akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mdoe alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini kwa umri wake hakukuwa na jibu jingine lolote.

"Marahaba, mwanangu."

Zamda alimletea uji, akamuuliza kama alilala vizuri, kama goti limepoa. Aliingia ndani kutandika. Alipotoka alikuwa ameshika mpira wa matambara, anaugeuzageuza kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Baba, hiki kitu kilikuwa kinaning'inia juu ya kitanda changu. Ni cha nani?"

Mdoe aliutazama mpira. Kamba alizoufungia mama yake miaka kumi na miwili iliyopita bado zilikuwa zimekaza.

"Cha kwangu," alisema.

Zamda akacheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka utani wa mzee, akauweka mpira miguuni pake, akachukua jembe akaenda shamba la kijiji.